Wino wa Zingifuri

Wajukuu zangu wa Kasongo na Kabambare, simu ikipiga picha haiwapi yote iliyoyaona. Inajichagulia rangi, inang'arisha hapa, inatia giza pale, kisha inatupa mengi na kuwaachia faili nyepesi ya aina ya JPEG. Faili ghafi, ile iitwayo RAW, haifanyi hivyo. Inahifadhi vipimo vya mwanga vilevile kamera ilivyovipokea. JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384. JPEG ni wali uliokwisha kuiva, faili ghafi ni mchele: leo utapika wali, kesho utasaga ukaange vitumbua.

Faida yake mtaiona vizuri nikiwasimulia jambo lililoanzia kwenu.

Mwaka 1870 Mskoti David Livingstone alikwama Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo, miguu imejaa vidonda. Karatasi zikamwishia, na wino pia. Akachukua magazeti ya zamani kutoka London akawa anaandika juu ya maandishi yaliyochapwa, kwa kuyakatiza. Wino akautengeneza kwa zingifuri, zile mbegu nyekundu ambazo Wamanyema walitumia kutia rangi nguo zao na kupamba nyuso.

Mwaka uliofuata akafika Nyangwe, kando ya Lualaba, katika eneo la Kasongo. Tarehe 15 Julai 1871, mbele ya macho yake, watu wa wafanyabiashara wa pwani walifyatua bunduki sokoni, soko limejaa wanawake. Wengine walikufa kwa risasi, wengine wakazama mtoni. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliyaandika hayo kwa wino ule wa zingifuri.

Wino ukafifia. Karatasi ya gazeti ikageuka rangi, na herufi zilizochapwa zikayameza maneno ya mkono. Kwa zaidi ya miaka 100 kurasa nyingi hazikusomeka.

Mwaka 2010, huko Edinburgh, kikundi cha wataalamu kilichoongozwa na Adrian Wisnicki kiliziweka kurasa hizo mbele ya kamera isiyochukua rangi yoyote, inayopima mwanga tu. Waliwasha taa za aina 12, moja baada ya nyingine, kuanzia urujuanimno, kupitia rangi zinazoonekana, hadi infraredi; mianga ya ncha hizo mbili jicho la mtu haliioni. Kila taa na picha yake. Chini ya infraredi, zingifuri ilitoweka kabisa, yakabaki maandishi ya gazeti peke yake. Hapo kompyuta ililinganisha picha na picha: kilichoonekana katika mwanga mmoja na kukosekana katika infraredi kilikuwa mkono wa Livingstone. Gazeti likafifizwa, maneno yakajitokeza.

Kazi hiyo isingewezekana kama kamera ingejiamulia yenyewe kipi ni muhimu. Doa ambalo simu ingelisafisha, likidhani ni uchafu, lilikuwa neno la shahidi. Mwaka 2011 kurasa zilitolewa kwenye intaneti, na waliozisoma waliona haziendi sawa na kitabu cha shajara za Livingstone kilichochapwa mwaka 1874. Kitabuni mambo yalikuwa yamelainishwa, hasa mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe. Kwangu mimi, habari za watu wa Nyangwe zilistahili kusikika jinsi zilivyoandikwa mara ya kwanza.

Nanyi mnaweza kuanza. Simu nyingi za leo zina sehemu ya kupiga picha ghafi. Itafuteni ndani ya kamera. Faili zake ni nzito, kwa hiyo msizitumie kwa kila kitu. Zitumieni kwa barua za babu, vyeti vilivyofifia, na uso wa bibi aliyeketi kivulini huku jua likiwaka nyuma yake, maana programu ya kuhariri inaweza kuutoa uso huo gizani. Haririni nakala. Faili ghafi iacheni kama ilivyo, na muihifadhi mahali pawili.