Somo la Kumi na Mbili: Nyumba Juu ya Udongo wa Mbuga

  Yafaa kila mmoja awe na daftari na penseli karibu, maana leo tutasoma, tutapima na tutaandika. Viongozi wa madarasa, tafadhalini hakikisheni kwamba waliokaa nyuma wanasikia vizuri.

Somo letu la leo ni juu ya nyumba zinazopasuka. Huenda nyumba yako ni mojawapo. Uliijenga kwa jasho lako, pengine kwa fedha za mavuno ya miaka mitatu. Uliweka msingi wa mawe, ukapandisha kuta za tofali, ukaezeka bati. Kisha, kiangazi kimoja, ukaona ufa mwembamba kama uzi kwenye pembe ya dirisha. Ukamwita fundi, akaupaka lipu. Mwaka uliofuata ufa ukarudi, tena mpana kuliko kwanza, na mlango ukaanza kukwama. Wako watakaosema kwamba fundi aliiba saruji. Wako watakaosema ni mkono wa jirani. Leo tutaona kwamba mara nyingi sababu iko chini ya miguu yetu, ndani ya udongo wenyewe.

UDONGO UNAOVIMBA

Katika nchi ya Usukuma, ukisimama kilimani utaona mawe makubwa, na mchanga umeyazunguka. Ukishuka bondeni utakuta udongo mweusi, mzito. Huo ndio udongo wa mbuga. Kenya nako uko, katika tambarare za Athi, Mwea na Kano, na wengi huuita udongo wa pamba.

Mkulima anaujua vizuri. Wakati wa mvua hunata miguuni na kwenye jembe. Wakati wa kiangazi hukauka na kupasuka, hata mkono wa mtu waweza kuingia katika nyufa zake. Kwa nini?

Udongo huu ni wa mfinyanzi, tena wa aina yake. Chembe zake ni ndogo mno, hazionekani kwa macho, nazo ni bapa kama kurasa za kitabu. Mvua ikinyesha, maji huingia kati ya kurasa hizo na kuzisukuma, na kitabu huwa kinene. Jua likiwaka, maji hutoka na kitabu hurudi kuwa chembamba. Mchanga si hivyo. Punje za mchanga ni kama changarawe ndani ya kikapu: maji hupita katikati yake, lakini punje zenyewe hazinenepi.

Usiamini kwa sababu redio imesema. Jaribu mwenyewe. Chukua bilauri mbili zilizo sawa. Katika moja tia mchanga mkavu, katika nyingine tia udongo wa kiwanjani kwako, mkavu na uliopondwa ukawa unga. Jaza kila bilauri mpaka nusu tu, na uweke alama. Kisha mimina maji polepole mpaka yafunike, ukaache siku nzima. Mchanga utabaki pale pale. Ikiwa udongo wako umepanda juu ya alama, basi umeijua tabia yake.

KWA NINI NYUMBA HUPASUKA

Mtu aweza kuuliza: Kama udongo unapanda na kushuka, mbona nyumba nzima isipande na kushuka pamoja nao, kama mtumbwi juu ya maji? Swali hilo ni zuri. Jibu ni kwamba udongo haupandi sawasawa.

Katikati ya nyumba kuna sakafu na paa. Mvua haifiki pale, wala jua. Udongo wa chini hubadilika kidogo tu. Lakini kandokando ya kuta, mvua hupiga na jua huchoma. Kwa hiyo wakati wa mvua kingo za nyumba huinuliwa, na wakati wa kiangazi hushuka. Nyumba hukunjwa hivi, kisha hukunjwa vile. Tofali haliwezi kukunjika kama mkeka, basi hupasuka. Huanzia mahali palipo dhaifu, yaani kwenye pembe za milango na madirisha, na hupanda kwa mshazari.

Ufa wenyewe waweza kutuambia habari. Ufa uliopanuka zaidi upande wa juu mara nyingi husema kwamba kingo za nyumba zimeshuka. Ufa uliopanuka zaidi upande wa chini mara nyingi husema kwamba kingo zimeinuka.

PIMA UFA KABLA YA KUUZIBA

Sasa shikeni penseli. Mahali ufa unapoishia, piga mstari mdogo, uandike tarehe hapo hapo ukutani. Kisha pima upana wa ufa kwa rula, ukaandike katika daftari namna hii:

Tarehe 1 Julai. Ufa wa dirisha. Milimita 3.
Tarehe 1 Oktoba. Ufa wa dirisha. Milimita 5.
Tarehe 1 Februari. Ufa wa dirisha. Milimita 2.

Tazameni mfano huu. Ufa umefunguka kiangazi, umefunga wakati wa mvua. Huu unafuata majira, basi ni kazi ya udongo. Lakini ufa unaozidi tu, mvua na jua, yafaa utafutiwe sababu nyingine: bomba linalovuja, shimo la maji lililo karibu, au msingi unaozama.

Iko hatari ambayo haingoji daftari. Ikiwa ufa umefika milimita 15 au zaidi, au ukuta umeinama ukiupima kwa timazi, au boriti ya juu ya mlango imeanza kuachia, hamisheni watoto wasilale chumba hicho usiku huo huo. Kisha mwiteni fundi mwenye ujuzi. Nyumba hujengwa tena. Mtoto hajengwi tena.

MAJI KWANZA, SARUJI BAADAYE

Methali yetu yasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli. Lakini katika udongo wa mbuga, anayeziba ufa bila kuyaondoa maji atauziba kila mwaka. Fedha yako ya kwanza isinunue lipu. Itumie katika mambo haya matano, na mengi yake yahitaji jembe na nguvu tu.

1. Inamisha ardhi. Udongo unaoizunguka nyumba uteremke kutoka ukutani kwenda nje. Katika mita 3 za kwanza ushuke kama sentimita 15. Tumia kifusi cha moramu kilichoshindiliwa vizuri. Usitumie mchanga mtupu, maana mchanga huyapitisha maji mpaka kwenye msingi.

2. Zungusha sakafu ya nje. Ukiweza, mwaga zege lenye upana wa mita 1 kuizunguka nyumba yote, nalo liinamie nje. Hulinda udongo wa kando ya ukuta usiloe sana wala kukauka sana.

3. Kamata maji ya paa. Weka mifereji ya bati kwenye upenu, iyapeleke maji kwenye tangi au mbali na nyumba. Bati la mita 10 kwa mita 5, mvua ya milimita 20 ikinyesha, hutoa maji lita 1,000. Fanyeni hesabu hiyo darasani. Maji hayo yote yakimwagika kwenye kona moja, kona hiyo itainuka peke yake.

4. Hamisha maji ya matumizi. Mahali pa kuogea, pa kufulia na bomba la uani pasiwe ukutani. Maji yake yafuate mfereji kwenda mbali.

5. Angalia miti. Mkaratusi hunywa maji mengi, na mizizi yake huukausha udongo chini ya msingi. Panda mti mbali na nyumba, kwa umbali usiopungua urefu utakaokuwa nao ukikomaa. Lakini kama mti mkubwa umekwisha kuzeeka karibu na nyumba, usiukate kwa ghafula kabla ya kumwuliza mwenye ujuzi. Ukiondoka, udongo ulioukausha kwa miaka mingi hurudia maji, ukavimba.

KUZIBA UFA

Ukiisha kuyaondoa maji, ngoja majira yote yapite, masika moja na kiangazi kimoja, huku ukipima. Ikiwa ufa umetulia, sasa uzibe.

Usiuzibe kwa saruji kali ukiwa umefunguka sana kiangazi. Mvua ikija, ukuta utataka kurudi mahali pake, utaikuta saruji imekaa katikati kama kabari, nao utapasuka mahali pengine. Kwangua ufa mpaka utoke uchafu wote. Ulowanishe. Changanya ndoo 1 ya saruji, ndoo 1 ya chokaa na ndoo 6 za mchanga. Mchanganyiko huu si mkali, hustahimili mtikisiko mdogo. Kwa ufa mrefu, fundi achimbe katika viungo vya tofali vilivyolala, alaze nondo nyembamba yenye urefu wa mita 1, nusu mita kila upande wa ufa, kisha afunike. Nondo hizo hushona ukuta kama uzi unavyoshona nguo.

KUCHIMBA CHINI YA MSINGI

Mara nyingine msingi hauna kina cha kutosha, nao lazima upelekwe chini mpaka kwenye moramu ngumu au mwamba. Kazi hii si ya mtu peke yake Jumapili mchana. Ukiuchimba msingi wote kwa mara moja, ukuta utawaangukia walio shimoni.

Fundi anayeijua kazi huchimba kipande kifupi, kama mita 1 tu. Hujaza zege, hungoja siku kadhaa ligande, kisha hushindilia saruji ngumu katika nafasi iliyobaki kati ya zege jipya na msingi wa zamani. Halafu huruka, akachimba kipande kingine cha mbali, si cha jirani. Fundi akikuambia atachimba upande wote kwa siku moja, mshukuru, umwage.

UNYEVU NA VYUMBA VYA CHINI

Walio milimani, kama Mwanza, wakati mwingine hujenga chumba ambacho ukuta wake mmoja umeegemea udongo. Chumba hicho hutoka jasho. Kwanza jua maji yanatoka wapi. Bandika kipande cha nailoni ukutani, uzibe kingo zake, uache siku mbili. Maji yakionekana chini ya nailoni, yanapita ukutani. Yakionekana juu yake, ni unyevu wa hewa ya chumba, na dawa yake ni dirisha.

Kama yanapita ukutani, kupaka rangi kwa ndani hakutasaidia, maana maji yatayasukuma magamba ya rangi. Dawa iko nje: chimba mfereji nyuma ya ukuta, vipande vipande na kwa uangalifu ule ule, paka lami ukutani, kisha jaza kokoto zenye bomba la matundu chini, liyatoe maji mpaka mteremkoni.

NENO KWA ANAYEANZA

Ambaye hajajenga ana bahati. Chimba shimo kiwanjani kabla ya kununua hata tofali moja. Udongo mweusi ukiisha kabla ya mita 1 au zaidi kidogo, uondoe wote, ujenge juu ya moramu au mwamba. Ukiwa wa kina kirefu, uliza mhandisi wa halmashauri, au tafuta kiwanja juu kidogo. Udongo ule mweusi mwachie mpunga na pamba, maana huko ndiko unakofaa sana.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini katikati ya nyumba hakubadiliki kama kandokando?
2. Ufa uliopanuka juu watuambia nini?
3. Ndugu mmoja ana fedha za kutosha ama lipu mpya ama mifereji ya bati. Mshaurini, na mtoe sababu.

KAZI YA JUMA HILI

Izungukeni nyumba yenu wakati wa mvua, au mwageni ndoo ya maji kila kona. Chora nyumba kwa penseli, uonyeshe kwa mishale maji yanakokwenda. Leteni michoro hiyo darasani.