Je, Wajua? SMS kutoka Arusha kwa JavaScript

Je, wajua kwamba mwandishi wa programu aliyeko Arusha anaweza kuwatumia SMS wakulima wa kahawa wa miteremko ya Mlima Meru kwa mistari michache tu ya JavaScript? Kampuni ya Africa's Talking, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2010, imechapisha kifurushi kiitwacho africastalking kwenye npm, ghala kuu la vifurushi vya lugha hiyo. Kifurushi ndicho kinachozungumza na seva. Wewe unataja namba, ujumbe na ufunguo wako wa siri.

Ukichapisha kifurushi chako mwenyewe, ufunguo huo usiuache ndani kamwe! Saa 72 zikipita, npm hairuhusu kukifuta ikiwa vifurushi vingine tayari vinakitegemea.