Je, Wajua? Daraja la Mtwapa ni Mpaka wa Serikali Mbili

Ukivuka daraja la Mtwapa kutoka Shanzu, umetoka Kaunti ya Mombasa na kuingia Kilifi. Gavana ni mwingine, bunge la kaunti ni jingine, hata ada ni nyingine.

● Magavana hawawezi kuusogeza mpaka huo, hata wakikubaliana. Katiba ya 2010 inataka tume huru ipendekeze badiliko hilo. Kisha lazima pendekezo liungwe mkono na thuluthi mbili ya wabunge wote, na thuluthi mbili ya jumbe za kaunti katika Seneti.

● Kaunti hairuhusiwi kutoza kodi inayokwamisha bidhaa, huduma, mtaji au wafanyakazi kuvuka mpaka. Embe za Kilifi zina haki ya kufika sokoni Mombasa.

● Kaunti zikizozana, hazikimbilii mahakamani. Sheria ya mwaka 2012 inazitaka kwanza zijitahidi kupatana.

● Maji hayajui mpaka. Visima vya Baricho, kando ya Mto Sabaki huko Kilifi, hunywesha hadi Mombasa. Ili zishirikiane katika mambo kama haya, Katiba inaziruhusu kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Ushirikiano wa majirani hawa si hisani. Ni wajibu wa kikatiba.