Mwanafunzi wa Udaktari Anapomfundisha Mwenzake

Mkazi anayelazwa katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Nakuru, ile ambayo wengi bado wanaiita PGH, huwaona vijana wenye makoti meupe wakizunguka vitanda. Miongoni mwao ni wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Egerton, ambao husoma kwa miaka 6 kabla ya mwaka mmoja wa mafunzo kazini.

Katika hospitali za mafunzo, mengi hujifunzwa kutoka kwa mwenzako aliyetangulia. Hilo lina faida. Aliyejifunza juzi bado anakumbuka alipokwama, na mdogo wake haoni haya kumuuliza swali mara ya tatu. Lakini kosa nalo hurithiwa. Chukua mtoto mchanga asiyepumua, anayehitaji kuanza kupewa hewa kwa barakoa ndani ya dakika 1 ya kuzaliwa. Kichwa chake kikilazwa nyuma kupita kiasi, njia ya hewa hujiziba na kifua hakiinuki. Mwanafunzi aliyezoea vibaya akiwafundisha wenzake kumi, wote watabeba kosa hilo hadi Molo, Naivasha au Olenguruone watakakotumwa kazi.

Ndiyo maana wanafunzi nao wanapaswa kufunzwa kufundisha. Njia moja inayotumika sana ilielezwa na daktari mpasuaji Rodney Peyton mwaka 1998, na ina hatua nne. Mwalimu hufanya kazi yote kimya, kwa kasi ya kawaida. Huirudia akieleza kila kitendo. Mara ya tatu, mwanafunzi ndiye anayeeleza huku mwalimu akifanya. Mwisho, mwanafunzi hufanya mwenyewe. Hatua ya tatu ndiyo yenye uzito, na ndiyo inayorukwa kwa haraka: hapo asiyeelewa hujulikana kabla hajamgusa mgonjwa. Kwa mtoto mchanga, mazoezi hufanywa kwa mwanasesere.

Anayefundisha hujifunza pia kukosoa bila kumwaibisha mwenzake mbele ya mgonjwa, na kusema "sijui, tumuulize daktari" inapobidi. Daktari mwenye dhamana habanduki katika mpango huu.

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza anayemhudumia ni nani, na ya kukataa kuchunguzwa kwa ajili ya mafunzo bila kunyimwa matibabu. Asiyeridhika amweleze muuguzi msimamizi wa wadi.