Neno "Bado" Katika Kiingereza

Jioni ya leo nataka kuzungumza nanyi habari za neno moja dogo la Kiswahili, ambalo huwakosesha wengi wanaojifunza Kiingereza. Neno hilo ni "bado".

Fikirini mgeni asiyejua Kiswahili. Mtoto wake ni mgonjwa, naye ataka kumpeleka mjini kwa lori la asubuhi. Apiga simu na kumwuliza karani, "Has the lorry left?" yaani, Je, lori limeondoka? Karani alitazama lori, aliona lingali mlangoni, ajibu, "Yet." Moyoni mwake amesema "bado". Lakini katika simu neno "Yet" lafanana sana na "Yes". Mgeni adhani lori limekwenda zake, akaiweka simu chini. Na mtoto akashinda siku nzima bila kuonwa na daktari.

"Yet" peke yake si jibu. Jibu ni "Not yet", maneno mawili, wala msiyatenganishe.

Sasa tutazame asili ya kosa hili. "Bado" yetu hufanya kazi mbili. Twasema, "Bado analala," maana yake usingizi unaendelea. Tena twasema, "Bado hajaamka," maana yake kuamka hakujatokea. Mwingereza amezigawa kazi hizi. Kwa jambo linaloendelea hutumia "still": "He is still sleeping." Kwa jambo ambalo halijatokea, nalo latazamiwa, hutumia "not" pamoja na "yet": "He has not woken up yet."

Je, tutazitambuaje? Kitazameni kitendo cha Kiswahili. Kikiwa na "-ja-" ya kukanusha, kama hajafika au hatujala, tumieni "not yet". Kikiwa hakikukanushwa, kama analala au anafanya kazi, tumieni "still".

Angalieni pia mahali pa maneno haya. "Still" hukaa katikati ya sentensi, karibu na kitendo. "Yet" hupenda kukaa mwisho. Katika swali ni rahisi kukumbuka, kwa kuwa sisi nasi husema, "Amefika au bado?" Mwingereza husema, "Has he arrived yet?" Maneno yote mawili yamekaa mwisho.

Na jambo likiwa limekwisha kutendeka, neno lake ni "already": "The lorry has already left," lori limekwisha ondoka.

Huenda mkamsikia Mwingereza akisema, "He still has not come." Msidhani amekosea. Hayo ni maneno ya mtu aliyechoka kungoja.

Kabla ya kulala, jaribuni sentensi hizi mbili: "Mvua bado inanyesha," na "Barua bado haijafika." Ya kwanza yataka "still": "It is still raining." Ya pili yataka "not yet": "The letter has not arrived yet."

Na mwalimu akiwauliza kama mmefahamu, nanyi hamjafahamu, semeni "Not yet" bila haya. Ni jibu la kweli, tena ni Kiingereza safi.

Kwaherini.