Mnyauko wa nyanya: Glasi ya maji kabla ya kununua dawa

Mche wa nyanya uliokuwa mzima jana unakutwa saa saba mchana umelegea, majani ya juu yameinama kama yaliyomwagiwa maji ya moto, ingawa bado ni ya kijani. Jioni unainuka. Mkulima anadhani ni kiu, anaongeza maji. Siku ya tatu au ya nne hauinuki tena, na wa pembeni yake umeanza kulegea.

Huo ndio mnyauko wa bakteria, ugonjwa ambao wakulima wengi wa bustani wilayani Chato huuona kwa mara ya kwanza wakati mbaya kuliko wote: maua yameshafunga, matunda yameanza kujaa, na fedha ya mbegu, mbolea, mafuta ya pampu na vibarua imeshatoka mfukoni. Kilichobaki ni kuvuna na kupeleka Buseresere au Katoro, ambako wachimbaji wadogo wa dhahabu na mama lishe hununua nyanya kila siku.

Hapo ndipo wengi hufanya kosa la pili, nalo ni la kifedha. Wanakwenda duka la pembejeo na kununua dawa ya ukungu. Tuseme mkulima ana mashina 2,000 kwenye robo eka na mashina 20 yamelegea. Akipulizia mara mbili, kila mara akitumia dawa ya Sh15,000 na kibarua wa Sh5,000, Sh40,000 zimekwenda bila kuokoa shina hata moja. Dawa ya ukungu haiui bakteria. Hata dawa zenye shaba, ambazo husaidia kwa bakteria wa madoa ya majani, hazifiki anakokaa huyu. Yeye yumo ndani ya mirija inayopandisha maji kutoka kwenye mizizi. Anazaliana humo hadi mirija inaziba, na mmea unakufa kwa kiu ukiwa umesimama kwenye udongo wenye maji.

Kipimo cha kumtambua hakigharimu kitu. Ng'oa shina lililoanza kulegea, si lililokwisha kukauka. Kata kipande chenye urefu wa kidole kutoka sehemu ya chini ya shina, kioshe, kisha kining'inize kwa uzi au njiti ndani ya glasi ya maji safi, ncha moja ikiwa imezama. Usitikise. Kama ni mnyauko wa bakteria, baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa au moshi zitaanza kushuka kutoka kwenye ncha iliyokatwa. Rudia kwa mashina mawili au matatu kutoka sehemu tofauti za bustani. Ukilipasua shina kwa urefu, utakuta pia ndani kuna michirizi ya kahawia.

Nyuzi zisipotoka, tazama kwingine. Mnyauko unaoletwa na ukungu wa Fusari huanza na majani ya chini, ambayo hugeuka njano kwanza, mara nyingi upande mmoja wa mmea, na huenda polepole. Shina lenye utando mweupe usawa wa ardhi na vipunje vya kahawia mithili ya mbegu za haradali lina ukungu wa aina nyingine. Mizizi yenye vinundu ina minyoo fundo. Minyoo hiyo ni shida kwa yenyewe, lakini pia hutoboa mizizi na kuwafungulia bakteria mlango.

Wakazi wa Chato wana sababu ya kulichukulia neno "mnyauko" kwa uzito. Mwaka 2006, wakati wilaya yao bado ikiwa mkoani Kagera kabla ya kuhamishiwa mkoa mpya wa Geita mwaka 2012, mnyauko wa migomba uliripotiwa nchini kwa mara ya kwanza katika wilaya jirani ya Muleba. Ulikuwa umeonekana Uganda mwaka 2001. Wenye migomba walifundishwa kukata ua dume kwa kijiti chenye panda na kupitisha panga kwenye moto au kulichovya kwenye maji yenye Jik kabla ya kuhamia mgomba mwingine.

Tabia hiyo ya kusafisha vifaa inafaa sana kwenye nyanya. Lakini magonjwa haya ni mawili tofauti na bakteria wake si ndugu. Anayeua migomba hadumu muda mrefu kwenye udongo baada ya masalia ya mgomba kuoza. Anayeua nyanya, aitwaye kitaalamu Ralstonia solanacearum, anaweza kukaa ardhini miaka kadhaa, akijificha kwenye masalia ya mizizi na kwenye magugu kama mnavu. Hushambulia zaidi ya aina 200 za mimea, wakiwamo ndugu wa nyanya: bilinganya, nyanya chungu, pilipili hoho na viazi mviringo. Kwa hiyo mtu anayeng'oa nyanya zilizonyauka na kupanda nyanya chungu mahali pale pale hajabadilisha zao kwa maana inayotakiwa. Amewaletea bakteria chakula kingine.

Kipimo kikionyesha nyuzi, fedha isitumike tena kwenye dawa. Mashina yaliyougua yang'olewe pamoja na udongo wa mizizini, yatiwe kwenye kiroba na kuchomwa au kufukiwa mbali na maji. Kuyatupa kwenye mfereji ni kumpelekea ugonjwa jirani wa chini. Umwagiliaji wa kuachia maji yapite tuta kwa tuta usitishwe, na sehemu nzima imwagiliwe kwa keni. Kazi ianzie upande wenye afya na kumalizikia upande wenye ugonjwa, na majembe na viatu vioshwe kabla ya kutoka. Palizi karibu na shina ifanyike kwa mkono, kwani jembe hukata mizizi na kila jeraha ni njia ya kuingilia. Matunda yaliyokomaa yavunwe mapema na kuuzwa. Bakteria huyu hadhuru binadamu.

Msimu huo hauokoki wote, na mkulima asidanganywe kwamba upo unga au maji fulani ya kumwaga shimoni yatakayoponya. Zipo nyanya zinazobebeshwa juu ya shina la bilinganya linalostahimili ugonjwa, njia iliyoendelezwa na kituo cha kimataifa cha mboga ambacho kina tawi Arusha tangu mwaka 1992, lakini miche ya namna hiyo ni ghali kuliko ya kawaida. Hata mbegu maarufu ya Tengeru 97 ilisifika kwa kustahimili minyoo fundo na mnyauko wa Fusari, si huu wa bakteria. Muuzaji akisema mbegu yake "inavumilia mnyauko", aulizwe ni mnyauko upi.

Uamuzi wenye faida hufanywa kabla ya kupanda. Miche ni ya kuangaliwa kwanza, maana huweza kubeba ugonjwa bila kuonyesha dalili. Mwaka 2003 vipandikizi vya maua ya geraniamu kutoka Kenya vilivyoonekana vizima vilifika Marekani vikiwa na bakteria huyu, na idadi kubwa ya mimea ilibidi iteketezwe kwenye vitalu vya huko. Ikiwa wakaguzi wa bandari walipitwa, mnunuzi wa miche sokoni atapitwa pia. Afadhali kuotesha kitalu chako kwenye udongo ambao haujawahi kupandwa jamii ya nyanya.

Kisha lipo shamba lenyewe. Anayekodi ardhi kwa msimu mmoja hajui historia yake, na mwenye shamba hana haraka ya kuisimulia. Kabla ya kulipa, mkodishaji aulizwe kilichopandwa humo misimu mitatu iliyopita, na majirani waulizwe pia, kwani hao hawana cha kuuza. Mfereji ufuatwe hadi juu kuona maji yanapita bustani ya nani. Robo eka yenye mnyauko haistahili kodi ya robo eka safi kwa mtu anayetaka nyanya, bali yafaa ikodiwe kwa bei ya chini na kupandwa mahindi, mtama, vitunguu au, penye maji ya kutosha, mpunga, kwa miaka mitatu au zaidi. Kati ya hayo vitunguu ndivyo vinavyokaribia nyanya kwa kuleta fedha ya haraka, na vina nafuu nyingine: vikikaushwa vizuri vinaweza kusubiri bei, jambo ambalo tenga la nyanya haliwezi.