Muhuri wa Desemba

Mkenya anayefanya kazi Mangateen, jijini Juba, akimwendea mhasibu wake kuhusu kodi, hutarajia kuulizwa hati ya mshahara. Mhasibu niliyekutana naye huanza na pasipoti. Huifunua ukurasa kwa ukurasa, kidole kikitafuta muhuri wa mwezi Desemba wa kuingia kupitia uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi. Akiupata, huguna.

Nilidhani anatia chumvi mpaka aliponisomea Sheria ya Kodi ya Mapato. Mwenye makao ya kudumu Kenya, akikanyaga nchini kwa muda wowote ule ndani ya mwaka, ni mkazi wa kodi. Kukaa nchini siku 183 ni kipimo cha asiye na makao hayo. Mkazi naye hutozwa kodi ya mshahara hata akiupatia ng'ambo. Krismasi moja na familia inatosha.

Hapo ndipo ndoa inapoingia. Mfano anaoutoa ni huu: mke ni mwalimu, anaishi na watoto katika nyumba waliyojenga Kitengela. Kodi yake hukatwa na mwajiri, fomu yake ya P9 haina dosari. Mume, akiamini mshahara wa shirika la misaada ni mambo ya Juba, hujaza ritani ya sufuri kila Juni. Nyumba ile ile aliyoijenga kwa jasho ndiyo inayomfanya mdaiwa.

Dawa, kwa maelezo yake, ni kujirekebishia ritani kabla barua ya Mamlaka ya Mapato Kenya (KRA) haijafika. Sheria inaruhusu kurudi nyuma miaka 5. Kodi aliyolipa Sudan Kusini Mkenya huruhusiwa kuitoa kwenye deni, ila kwa ushahidi. Wateja wengi huja mikono mitupu: wanajua walikatwa, hawana cheti. Salio huongezwa adhabu ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Asiyeweza kulipa kwa mkupuo huomba awamu.

Deni ni la mume, lakini awamu zitatoka kwenye bajeti ya nani? Na mwajiri asipotoa cheti, mfanyakazi amshtaki wapi? Mhasibu hana jibu, nami sina.

Msamaha wa KRA wa adhabu na riba za hadi mwisho wa 2023 ulifungwa Juni 30, 2025. Uliye Juba, dai sasa cheti cha kodi uliyokatwa, kabla hujakata tiketi ya Krismasi.